Mkono wa Mwisho

Babamkwe wangu ni fundi rangi, na si fundi wa kuokoteza. Nyumba aliyoipaka yeye unaijua ukiwa ng'ambo ya barabara, maana pale ukuta unapokutana na dari utadhani pamepigwa kwa rula. Ana mkono usiotikisika na mdomo usiofunga. Kila jambo duniani analipima kwa rangi. Bwana harusi akisitasita, yeye husema, "Huyo hajakauka mkono wa kwanza." Mtoto akiwa mtundu, husema apigwe msasa. Na kazi yoyote, hata ya kufua shuka, kwake haijawa kazi mpaka ipate mkono wa mwisho, yaani ule mpako mwepesi wa kumalizia, unaofanya ukuta ung'ae mteja anapokuja kukagua. Fundi anayekabidhi nyumba bila mkono wa mwisho, anasema, ni mwizi aliyeshika brashi.

Mimi nimeolewa na mwanawe mkubwa, naye ni fundi rangi vilevile, ila huyu mdomo wake unafunga, hasa mbele ya baba yake. Tuna mtoto mmoja. Jina lake limeandikwa kwenye cheti na limebaki hukohuko, kwa sababu siku aliyozaliwa babu yake alimpakata akasema, "Huyu si mtoto, ni kokwa," na Kokwa akawa Kokwa. Alikuwa mdogo na mgumu. Udogo amebaki nao. Ugumu ndio uliomtoka msimu wa mvua, alipoharisha mpaka nikakaribia kumpoteza.

Sipendi kuisimulia siku ile, lakini bila hiyo hamtanielewa. Alilia bila machozi. Sikuwa najua kwamba mtoto anaweza kulia, uso ukakunjamana, kifua kikapanda na kushuka, na machozi yasitoke kwa sababu mwilini hamna maji ya kutengeneza hata tone. Kisha akanyamaza, akalala, na mimi mjinga nikashukuru kwamba amepata usingizi. Daktari aliyempokea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alimtundikia dripu kwanza, akanigombeza baadaye. "Mama, tumbo la huyu halitakuwa sawa kwa muda mrefu. Likichafuka tena usikae nyumbani kungoja. Na akilala hovyohovyo, usifurahi kwamba ametulia." Maneno hayo hadi leo nikipika nayasikia.

Basi ikaja hari ya kiangazi. Nyumba yetu ina bati, na bati likikolea jua, ndani hapakaliki. Babamkwe akaamua Jumapili twende ziwani sote, tukale chini ya miti, na kuku atachoma mwenyewe. Mamamkwe alicheka. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye mwaka wa tatu huu anapunguza mwili na mwili hausikii, alisema yeye atakula tikiti maji tu. Mimi niliuliza kuku watabebwa katika nini.

"Katika ndoo," babamkwe akasema.

"Ndoo gani, baba?"

Alikuwa akilingoja swali hilo. Akaleta ndoo nyeupe ya rangi, yenye mfuniko, na brashi pana ya nywele laini. "Mpya zote. Ndoo hii haijaonja tone la rangi. Brashi nimeichemsha. Nusa, mkwe. Nusa usije ukasema nakulisha plasta."

Nikanusa. Mamamkwe akanusa. Wifi akaingiza kichwa chote ndani, akapiga chafya, tukacheka mpaka machozi. Ndoo ilikuwa safi kweli, na mzee alitembea nayo uani kama aliyepewa tuzo. Sote tuliikagua ndoo ile kutafuta rangi. Hakuna aliyewaza kuhusu kuku.

Kuku walilala kwenye ndoo ndani ya friji, wamezama katika ndimu, vitunguu saumu, mafuta na pilipili. Hapo sina neno. Asubuhi tukapakia gari la kazi, ngazi ikabaki juu kwa kuwa babamkwe hasafiri bila ngazi, na sanduku la barafu likajazwa soda, maji ya wifi na tikiti. Ndoo haikuenea. Ikawekwa nyuma, wazi, kwenye jua.

Tulipofika ziwani mkaa uligoma. Ulikuwa na unyevu, ukafuka moshi na kuzimika, babamkwe akaupepea kwa kipande cha boksi huku akiutukana ukoo wote wa aliyemuuzia. Watu wa familia nyingine walikwisha kula wakaenda kuogelea. Mimi nikaenda kwenye gari kuchukua mkeka, mkono ukagusa ndoo. Ilikuwa vuguvugu, joto lilelile la maji ninayomwogeshea Kokwa.

Nikamfuata mume wangu alipokuwa akifunga kamba ya bembea. "Baba Kokwa, ile ndoo imepata moto. Kuku wabichi wamekaa juani tangu tutoke nyumbani."

"Wataingia motoni sasa hivi. Moto unaua kila kitu."

"Mwambie baba yako."

"Nimwambie nini? Baba anachoma nyama tangu mimi sijazaliwa." Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko kama angenijibu vibaya. "Wewe tangu mtoto augue, unaogopa hata kivuli cha sahani."

Alisema kweli kidogo, nami nikarudi kwenye mkaa. Mkaa ukakubali. Babamkwe akapanga kuku kwenye waya, akawageuza kwa subira, akawachoma sawasawa, wala siwezi kumsingizia. Nilijisogeza, nikamwomba nipime kama wameiva, nikachoma paja kwa kisu. Ndani palikuwa peupe, hamna damu, maji yaliyotoka yalikuwa maangavu. Roho ikanitulia. Nilijicheka kimoyomoyo na kujiita mwoga. Kuku wakatolewa motoni, wakapangwa kwenye sinia, watu wakaanza kusogea na sahani.

"Ngojeni," babamkwe akasema. "Kazi haijakabidhiwa."

Akafunua ndoo, ileile. Chini yake kulikuwa kumebaki yale majimaji yaliyotoka kwa kuku wabichi, mekundu kwa pilipili na kwa mengine yasiyo pilipili, yamekaa juani asubuhi nzima. Akachovya brashi, akaikung'uta ukingoni mara mbili kama anavyofanya kazini, akapaka kuku walioiva, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kuacha pengo. Mkono wa mwisho. Kuku wakang'aa. Watu wakapiga makofi.

Nilitaka kumzuia, nikajishika. Ni babamkwe. Nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mkwe hasahihishwi hadharani, na hata ukimkuta anaanguka unamshika huku umeinamisha macho. Nikamtafuta mume wangu, alikuwa kwenye bembea. Nikasema nitamwita mamamkwe pembeni, nimnong'oneze, yeye atajua pa kuanzia. Nilikuwa bado napanga maneno nilipogeuka nikamwona Kokwa ameketi kwenye paja la babu yake, na babu anampa mnofu wa kwanza. Mnofu wa kwanza huwa wa mjukuu. Mdomo wa mtoto ulikuwa unatafuna.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka kidole changu mdomoni mwa mwanangu na sauti yangu ikisema, "Tema. Kokwa, tema. Tema nimesema." Akatema, akalia, mafuta mekundu yakachirizika kidevuni. Nikamfuta ulimi kwa upindo wa khanga.

Bembea ilisimama. Hata wifi aliacha kutafuna tikiti.

"Kuna nini?" babamkwe akauliza. "Mfupa?"

"Si mfupa, baba." Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa nasema vibaya. "Hayo uliyopaka ni maji ya kuku wabichi. Yameoza juani. Ukishachoma hurudishi tena maji mabichi juu. Umeivisha kuku kisha umewachafua upya."

Laiti ningeishia kwenye neno "juani". Neno "umewachafua" lilimpiga mzee usoni nikaona linavyomwingia. Mtu aliyechemsha brashi.

"Mkwe," akasema polepole, "wataka kusema namlisha mjukuu wangu sumu?"

Akachukua ule mnofu niliomtemesha mtoto, akautia mdomoni, akatafuna mbele yangu macho makavu. Akachukua paja. Akala, akalamba vidole. Mume wangu akashuka kwenye bembea, akakaa karibu na baba yake, akala naye, bila kunitazama. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku ile wanaume wale walikuwa vipara.

Mamamkwe, ambaye meno yake na kuku waliachana zamani, alinishika mkono. "Njoo tukaoshe sahani." Kokwa nikamwacha pajani kwa babu, nikidhani hatathubutu tena, tukaenda bombani, mbali kidogo, nyuma ya miti. Akafungua maji akayaacha yatiririke. "Ulilolisema ni kweli," akasema. "Nimeliona na mimi, nikaogopa. Lakini umemvua nguo mzee wa watu."

"Mama, ni Kokwa."

"Najua ni Kokwa. Ndiyo maana nimekuita uoshe sahani, sijakuita nikugombeze."

Nililia pale bombani nikamaliza. Tuliporudi, Kokwa alikuwa bado kwa babu yake, ametulia, anachezea kipande cha boksi. Nikamchukua. Tukarudi nyumbani, ngazi ikigongagonga juu ya gari.

Siku iliyofuata nilimlinda mtoto kama askari wa benki. Nilimgusa paji, nikamtazama ulimi, nikamfuata chooni. Alikunywa uji, akaendesha gari lake la kopo sakafuni, akaniuliza kwa nini namtazama. Aliyeugua ni baba yake. Asubuhi alikuwa anasema ni gesi. Baadaye akaacha kusema, akawa anakimbia tu, mkono mmoja tumboni na mwingine kwenye kitasa cha choo. Nilimkorogea ile chumvi ya pakiti ya wanaoharisha nikamwekea mlangoni, na nakiri kwamba niliigonga bilauri kwa nguvu.

Halafu mamamkwe akapiga simu. Mzee amepelekwa hospitali. Ametapika tangu alfajiri, hawezi kusimama, na sasa anaongea mambo yasiyoeleweka.

Hasira yote ikanitoka miguuni. Nilijikuta namwombea mtu niliyeshinda nikimnunia. Mume wangu hakuweza kutoka hata mlangoni, ikabidi niende mimi. Wifi akaja kukaa na Kokwa. Nilimwachia maagizo mpaka akaniambia, "Wifi, nenda. Nilishawahi kumwona mtoto."

Wodi ilikuwa ndefu, madirisha wazi, hewa haisogei. Babamkwe alikuwa kitanda cha mwisho. Sikumtambua. Macho yameingia ndani, midomo imepasuka, ngozi ya mkono imelegea juu ya sindano ya dripu. Mamamkwe alikuwa akimpepea kwa kitambaa. Nikapiga goti nikamsalimu.

"Shikamoo, baba. Pole."

Alinitafuta kwa macho, akanipata, akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mkono ule ule unaokata ukingo wa dari bila rula.

"Kokwa?" akauliza.

"Mzima, baba. Nimemwacha anacheza. Hakumeza, nilimtoa yote."

Akafumba macho. Nikadhani amefarijika. Kisha nikaona machozi yanamtoka pembeni yakielekea masikioni, na nikaogopa kabla hajasema lolote.

"Mwanangu," akasema, "mlipokwenda bombani, mtoto alilia. Alinyoosha mkono kwenye sinia. Mumeo na wifi yako walikuwa wamekwenda majini, lakini watu wa pembeni wananitazama. Nikasema huyu mwanamke hanifundishi kumlisha mjukuu wangu." Akapumzika. "Nikampa kipaja. Alikula akamaliza. Nikamfuta mdomo usijue."

Mamamkwe aliacha kupepea.

"Ningeweza kunyamaza," mzee akasema. "Tangu asubuhi nanyamaza. Lakini ninavyoumwa mimi mtu mzima, yeye..."

Nilitoa simu, ikanidondoka, nikaiokota nikapiga nyumbani. Wifi akapokea akiwa mchangamfu.

"Kokwa yuko wapi?"

"Amelala. Wifi, leo mtoto ana adabu, hajanisumbua kabisa. Alitapika kidogo baada ya uji nikambadilisha nguo, akaharisha, nikasema ni hili joto. Sasa amelala tu. Nimempa maji hata hataki kuamka."

Usifurahi kwamba ametulia.

"Mwamshe," nikasema.

"Nimwamshe ili..."

"Mwamshe sasa hivi. Mfinye. Analia?"

Nikasikia simu ikiwekwa chini, nikasikia jina lake likiitwa, mara moja, mara nyingine, kwa sauti iliyokuwa inabadilika. Ndani ya ukimya ule nilisikia dripu ya babamkwe ikidondoka, au nilidhani nasikia. Wifi akarudi kwenye simu. Uchangamfu haukuwepo tena.

"Anafungua macho anayafunga. Analia kidogo. Wifi, mbona hana machozi?"

Nikamwambia amkorogee ile chumvi, amdondoshee kwa kijiko bila kuacha, amfunge mgongoni, ashike pikipiki ya kwanza atakayoiona, asisubiri kaka yake wala asitafute viatu. Nami nikatoka getini kumngoja, maana kama ningeenda tungepishana njiani. Sijawahi kuogopa vile. Kila pikipiki iliyokata kona niliiona yao, na kila moja ilipopita nilihisi imepita na mwanangu. Muuza maji akaniuliza kama nauguliwa, nikaendelea kutazama barabara. Niliahidi vitu vingi pale getini. Niliahidi kutomnunia mtu tena, na ahadi hiyo imenishinda, lakini niliahidi kwa moyo wangu wote.

Wakafika. Wifi alikuwa peku kweli, kijiko bado mkononi. Nilimfungua Kokwa mgongoni kwake, kichwa chake kikaangukia begani kwangu chenye joto kama jiwe la jikoni, nikakimbia naye hadi ndani nikipiga kelele za mtu asiye na heshima.

Daktari alikuwa yuleyule mfupi. Alimkunja ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi. Walitafuta mshipa mkono mmoja wakaukosa, wakatafuta mkono wa pili wakaukosa, wakaupata mguuni. Mimi nilikuwa nimeushika mguu huo, nikaona tone la kwanza linaanguka kwenye kichupa, kisha la pili.

"Amekula nini, lini?" daktari akauliza, na nikamweleza yote, kuanzia ndoo juani hadi kipaja. Akasikiliza. "Nani alijua kwamba alikula?"

"Babu yake. Amenieleza sasa hivi, yuko kitanda cha mwisho."

"Basi msimgombeze sana. Mngekuja jioni, sijui tungekuwa tunaongea habari gani."

Akamgeukia Kokwa. Mimi nikakaa chini sakafuni.

Jua lilikuwa linapungua madirishani Kokwa alipofumbua macho vizuri. Alitazama mguu wake, akafuata kwa macho ule mpira wa dripu mpaka juu. Akakunja uso akaanza kulia, na shavuni likateremka chozi, moja, la kweli, lenye maji. Nililigusa kwa kidole nikalionja. Lilikuwa na chumvi.

Nikaenda kumwambia babamkwe. Njia nzima ya wodi nilikuwa na maneno, na si machache. Nilikuwa nayo tangu ziwani, tangu bombani, na nilipokuwa getini yaliongezeka yakanolewa. Mzee aliniona nakuja akajaribu kuketi, akashindwa, mamamkwe akamwinua kwa mto.

"Yu hai," nikasema. "Amelia machozi."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akasema, "Kaa, mwanangu. Yale uliyotaka kuniambia ziwani, sikukuacha umalize. Niambie sasa. Yote. Nasikiliza."

Nilimtazama. Fundi mkubwa, ameshikiliwa na mto, midomo imepasuka, anangoja hukumu ya mke wa mwanawe. Juu ya kabati palikuwa na bilauri ya maji ya chumvi aliyoshindwa kuyamaliza. Nikaichukua, nikamwekea kijiko mdomoni.

"Kunywa, baba," nikasema. "Kidogo kidogo."

Akanywa. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka, nami nikaushika mpaka bilauri ikaisha.